Hii Kalamu Nyekundu Tumeipata Wapi?

 

Nimekaa na jambo hili rohoni muda mrefu nikiogopa kuliandika, kwa sababu linaanza na aibu yangu mwenyewe. Leo nimeona bora niliseme tu, maana ugonjwa wenyewe si wangu peke yangu. Ni wetu sisi wasomi wa Kiswahili tulio ughaibuni, na nadhani unatuzidi kadiri tunavyokaa mbali na nyumbani. Ni ugonjwa wa kusahihishana.

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa Brussels tuna kundi letu la WhatsApp la watu wa Afrika Mashariki, la kufaana katika shida na raha. Asubuhi moja ya baridi kijana mmoja, jina simtaji, aliandika hivi: "Wapendwa mama yangu mzazi amefaliki leo hasubuhi naombeni dua zenu". Hapakuwa na nukta wala mkato. Mimi nilikuwa ndani ya metro, nimepandia Tomberg karibu na kwangu Woluwe-Saint-Lambert, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye simu. Mzee mmoja alikuwa amekwisha tangulia kuandika: "Ni AMEFARIKI, si amefaliki." Na mimi, mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu, badala ya kumwambia kijana pole, nikaongezea: "Sahihi kabisa mzee wangu. Asili yake ni Kiarabu, faraqa, yaani kutengana. Ndiyo maana twasema kufariki dunia. Na asubuhi haianzi na h." Nikarudisha simu mfukoni nimeridhika kabisa. Neno pole nilikuja kulikumbuka niliposhuka Schuman, vituo vitano baadaye.

Kijana hakujibu. Jioni alijitoa kwenye kundi. Mchango wa msiba ulikusanywa na akina mama wakaupeleka mkononi kwake, na mmoja wao, dada yetu wa Bukavu, akanipigia simu kuniambia maneno machache tu: "Papa, mutoto analia, na weye unamuhesabia maherufi." Siku nyingine ningemjibu kwamba ni mtoto si mutoto, ni wewe si weye, na kwamba herufi haihitaji ma- kuwa nyingi. Siku hiyo sikuwa na ulimi.

Usiku ule nilitafuta barua za marehemu mama yangu. Kwetu ni Tarime. Mama alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo yaliyoenea Tanzania baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mnawajua Wakurya na r yao. Barua zake zinasema "nakusarimu sana mwanangu", "tumevuna tumekura", "rara sarama". Nimezisoma miaka na miaka, hapa na Ujerumani nilikosomea, na sikuwahi kuona kosa ndani yake mpaka usiku ule nilipozitafuta makusudi. Basi nikajiuliza: kwa nini jicho langu halikuona kosa kwa mama, likaliona kwa mtoto wa mwenzangu aliyefiwa na mama?

Jibu ninalolitoa hapa ni langu, na anayelipinga anipinge. Naona kwamba mara nyingi tunaposahihisha lugha ya mtu hatuitetei lugha. Tunaonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Kwa mama sikuwa na haja ya kuwa juu. Na kalamu nyekundu tunayoitumia tuliikuta imekwisha tiwa wino na watu wengine, kwa shughuli yao.

Nianze na hilo la mwisho. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na uamuzi wake ukawa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano umefanyika Mombasa, Kimvita kikawekwa kando! Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kazi yake ilikuwa kuweka tahajia moja, kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Hapo mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mtu wa Mvita aliyesema "nti" kama babu zake na kama washairi wake wakubwa alilala akiwa fundi wa lugha, akaamka akiwa mwanafunzi anayeambiwa aseme "nchi".

Msinielewe vibaya. Simo katika wale wanaosema usanifu wote ni ukoloni tuutupe baharini. Kiswahili sanifu kilitupa vitabu, kikatupa redio, kikatupa Tanzania ambamo mtu wa Tarime anaongea na mtu wa Mtwara bila mkalimani. Mimi ni tunda lake na ninakula mkate kwa ajili yake. Ninachosema ni kwamba sanifu ni makubaliano ya watu, na makubaliano yana tarehe. Sisi tunayashika kama vile yaliteremshwa.

Chukueni mfano mdogo tu. Leo mwanafunzi akiandika "ye yote" au "cho chote" kwa maneno mawili, tunampigia mstari. Lakini hivyo ndivyo alivyoandika E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944, kitabu kilichofundisha Kiswahili kwa wageni kizazi baada ya kizazi. Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, inayosomwa makanisani mpaka Jumapili iliyopita. Kosa la leo lilikuwa sahihi ya jana. Nani kati yetu atasimama kanisani amsahihishe mchungaji?

Na hili si la Kiswahili peke yake. Majirani zangu hapa wanaosema Kiholanzi walikuwa wakila "pannekoek" tangu utotoni. Mwaka 1995 tahajia ikabadilishwa, chapati ileile ikawa "pannenkoek". Mwaka 2005 kanuni zikarekebishwa tena, na magazeti kadhaa ya Uholanzi yakakataa kuzifuata. Kifaransa nacho kilifanyiwa marekebisho mwaka 1990, mtu akaruhusiwa kuandika kitunguu "ognon" badala ya "oignon", na mpaka leo wapo wanaoona hiyo ni dhambi. Rula yenyewe inasogea, jamani. Anayempiga mwenziwe kwa rula inayosogea angalau apige taratibu.

Hoja ya pili ni kwamba masahihisho yetu hufuata mteremko kama maji. Hayapandi. Nimehudhuria makongamano mengi ambako waziri au balozi amesimama akasema "mwisho wa siku" mara nane katika hotuba moja, naye hazungumzii jua kuzama. Amehamisha Kiingereza kikiwa kizimakizima. Nimesikia maprofesa wakiwaita watu waliopatwa na mafuriko "wahanga", ilhali mhanga kwa asili ni mtu anayejitoa mwenyewe. Umewahi kuona nani akinyoosha mkono kumsahihisha? Tunapiga makofi, tunapiga picha naye. Lakini fundi rangi akiandika "harafu" badala ya "halafu", au mama wa nyumbani akiuliza "ni saa ngapi uko Belgiamu" bila ile h ya huko, tunashuka juu yake kama kunguru.

Angalieni pia tunachokiona na tusichokiona. Kubadilisha r na l ni jambo la kusikia tu: lugha nyingi za Kibantu hazizitenganishi sauti hizo mbili, na mtu aliyekulia humo hana dhambi zaidi ya Mjerumani anayeshindwa kutamka "ng'ombe". Kosa la r na l halifichi maana ila mara chache. Lakini Kiswahili kilichojengwa juu ya mifupa ya Kiingereza, chenye tahajia safi na sentensi ambayo bibi yako hawezi kuielewa, hicho hatukigusi, kwa sababu ndicho tunachokiandika sisi wenyewe. Tunakamata inzi, ng'ombe anapita.

Kwa hoja ya tatu inabidi niingie Kongo, na kwa mtu anayeishi Ubelgiji huko si mbali. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa wakati huo Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulikuwa Lubumbashi, André Yav aliandika maandishi aliyoyaita kwa Kifaransa *Vocabulaire*, ya mji huo. Jina lisikudanganye, si orodha ya maneno. Ni historia ya mji na ya ukoloni wa Wabelgiji jinsi ilivyoonekana na watumishi wa majumbani, watu waliopika, waliofua, waliosimama nyuma ya kiti bwana alipokula. Imeandikwa kwa Kiswahili cha huko, si kile ambacho Walubumbashi wenyewe hukiita Kiswahili bora. Maneno yameunganishwa pale ambapo sisi tungetenganisha, na yametenganishwa pale ambapo sisi tungeunganisha. Mwalimu wa shule ya msingi wa enzi zangu angeyatoa maandishi yale damu tupu.

Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, na namna kazi ilivyofanyika ndiyo inayonifundisha mimi. Hawakuanza kwa kuyasahihisha. Kalundi Mango, mtu wa huko, aliyasoma kwa sauti, na kwa kusomwa hivyo yakafunguka. Kilichokuwa fujo kwa macho kilikuwa mazungumzo safi kwa masikio. Yav hakuwa ameshindwa kuandika Kiswahili chetu. Alikuwa ameandika chake, kwa watu waliojua kukisikia. Sasa fikirini kama maandishi yale yangeangukia kwanza mikononi mwa mtu kama mimi wa kwenye metro. Ningerudisha kila "b" ya batu kuwa "w" ya watu, ningetia mikato, ningeandika pembeni "rudia", na historia ya watumishi wa Katanga ingebaki daftari la makosa.

Nimetaja Kongo kwa sababu nyingine pia. Tarehe 7 Julai ya kila mwaka, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanga na kofia na kutangaza kwamba wasemaji wetu wamezidi milioni 200. Mimi mwenyewe nimeitaja namba hiyo jukwaani. Haya, niambieni, milioni hizo mnazipata wapi bila Wakongo? Kivu, Katanga, Maniema, Ituri, wote wamo kwenye hesabu. Nchi yao imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na tukashangilia kwamba Kiswahili kimepanuka. Lakini Mkongo yuleyule akifungua mdomo akasema "bantu banaenda", tunacheka na kumwambia hiyo si lugha. Tukihesabu wasemaji wamo, tukisahihisha hawamo. Huo si uungwana, na wala si hesabu.

Sasa nawageukia wenzangu wa upande wa pili, maana najua mmeanza kutabasamu. Wapo kati yetu wanaosema lugha ni mawasiliano tu, alimradi umeelewa, kila mtu aandike anavyotaka, kusahihisha ni udikteta. Ndugu hawa nawaheshimu lakini siwaamini. Siwaamini kwa sababu naona wanavyofanya na lugha nyingine.

Mimi naishi katika manispaa yenye majina mawili, Woluwe-Saint-Lambert kwa Kifaransa na Sint-Lambrechts-Woluwe kwa Kiholanzi, na kila barabara ina majina mawili pia. Vituo vinne mbele ya Tomberg kuna kituo kinachoandikwa Kraainem na Crainhem, mahali pamoja, tahajia mbili. Ukivuka tu mpaka wa Brussels upande ule umeingia eneo la Kiholanzi, na huko lugha si mchezo. Mwaka 2007 mameya watatu, mmojawapo wa Kraainem hiyohiyo, walinyimwa uteuzi na waziri wa Flanders kwa sababu walipeleka karatasi za kuwaita wapiga kura kwa Kifaransa. Na hospitali kubwa pamoja na vyuo vya udaktari hapa kwetu Woluwe vipo kwa sababu Chuo Kikuu cha Leuven kilipasuliwa vipande viwili baada ya ugomvi wa lugha ulioangusha serikali mwaka 1968. Katika nchi kama hii hakuna Mswahili anayethubutu kupeleka barua ya kuomba kazi yenye makosa ya Kifaransa akasema "alimradi mmeelewa". Tunampa jirani aisome. Tunampa mtoto aisome. Binti yangu mdogo amenikatiza mezani mara ngapi, "Baba, si 'si j'aurais', ni 'si j'avais'", na mimi namshukuru na kurudia kama kasuku!

Basi kama Kifaransa tunakipangusa mavumbi kabla hakijatoka nyumbani, na Kiswahili tunasema kiende kama kilivyoamka, maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba moyoni tunaamini Kifaransa ni lugha ya maana na Kiswahili ni cha jikoni. Huruma inayotolewa kwa Kiswahili peke yake ni dharau iliyovaa kanzu. Anayesahihisha kwa kejeli anamdharau mtu. Anayeacha kila kitu kipite anaidharau lugha. Hatulazimiki kuchagua moja kati ya dharau hizo mbili.

Na kuna mahali ambapo kusahihisha ni deni kabisa. Wengi wetu hapa tumewahi kuwatafsiria ndugu zetu wanaoomba hifadhi. Jan Blommaert, Mbelgiji aliyeanza usomi wake kwa Kiswahili cha Tanzania na aliyefariki mwaka 2021, alichunguza simulizi za waomba hifadhi Waafrika katika nchi hii, akaonyesha katika maandishi yake ya mwaka 2001 jinsi mtu anavyoweza kukosa kusikilizwa kwa sababu tu hana namna ya kusema inayotakiwa na ofisi. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 akaonyesha, kwa maandishi ya watu wa Kongo, jinsi karatasi yenye heshima kubwa kule ilikoandikwa inavyofika huku ikaonekana si kitu. Mtu akiandika katika maelezo yake "walitukataza kupiga kula", na msomaji wa ofisi akatumia kamusi, ataelewa habari za chakula. Hapo ukinyamaza eti unaheshimu lahaja yake, umemwangusha. Msahihishe, mara mbili, kaa naye mpaka usiku.

Lakini hata hapo kalamu iende kwa akili. Niliwahi kutafsiri cheti cha ndugu mmoja wa Uvira. Jina lake ni Ramazani, na hivyo ndivyo jina hilo linavyoandikwa Kongo. Mkono wangu ukanisukuma niandike Ramadhani, kwa dh, kama tunavyoandika Tanzania na kama kamusi inavyotaka. Niliacha dakika ya mwisho. Laiti ningeandika, karatasi moja ingesema Ramazani na nyingine Ramadhani, na afisa angekuwa na haki ya kuuliza hawa ni watu wangapi. Herufi moja iliyo "sahihi" ingeweza kumgharimu mtu huyo miaka. Tangu hapo nimejua kwamba swali la kwanza si "je, ni sahihi?" Swali la kwanza ni "je, nikibadilisha, nani atafaidika?"

Kama ni mwenye maneno atakayefaidika, sahihisha. Kama ni wewe unayesahihisha, nyamaza.

Kwa hiyo naomba kutoa mapendekezo matatu, mtayapima.

Moja. Lijibiwe neno kwanza, herufi baadaye. Mtu akisema amefiwa, anaumwa, amefukuzwa nyumba, jibu lake ni pole na mkono mfukoni. Sarufi haijawahi kuzika mtu.

Mbili. Masahihisho yawe faragha, na yaombwe kama inawezekana. Wazee wetu hawakumkosoa mtu mzima mbele ya watoto wake. Walimwita pembeni, wakaanza na habari za nyumbani, na neno lenyewe likaja mwisho, kwa sauti ndogo. Sisi tunakosoa mbele ya watu mia mbili halafu tunashangaa vijana wanahamia kwenye Kifaransa. Kule nako wanasahihishwa, ndiyo. Lakini hawasahihishwi na baba zao.

Tatu. Kalamu nyekundu ianze kwetu. Kabla ya kuwinda r na l za watu, tusome tena makala zetu wenyewe, tuhesabu sentensi ambazo zingeeleweka sokoni Kariakoo au Kongowea. Hapa Ubelgiji walimu wawili wa zamani wa Kifaransa, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, wamekuwa wakipanda jukwaani tangu mwaka 2016 na onyesho lao kuhusu tahajia, wakiwauliza watazamaji kwa nini tunaitumia kupima akili na adabu za watu. Mwaka 2018 wakapendekeza hata baadhi ya kanuni ngumu za vitenzi zilegezwe. Ukubali usikubali, hao walianza kwa kuihoji rula yao wenyewe kabla ya kumpima mtu. Walimu wa Kiswahili tunaweza kufanya vivyo hivyo bila kupoteza hata silabi moja.

Nimalizie pale nilipoanzia. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda kwa yule kijana. Anakaa si mbali na kwangu, kama dakika kumi kwa miguu kutoka Roodebeek. Nilikwenda na bahasha ya rambirambi na hotuba ndefu ya kuomba radhi niliyoiandaa njiani. Alinifungulia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema "Shikamoo mwalimu", na hotuba yote ikayeyuka. Nikasema tu, "Mwanangu, nilikukosea. Pole na msiba." Akasema, "Nimeshapoa, mzee. Karibu chai." Lile neno lenyewe hatukulitaja, si yeye wala mimi. Tulizungumza habari za mama yake, alivyokuwa akiuza dagaa, alivyokuwa mkali.

Nilipoaga akanisimamisha mlangoni. Alikuwa ameandika tangazo la arobaini ya mama. "Mwalimu, niangalizie kabla sijawatumia watu." Nilisoma nimesimama, koti mkononi. "Kufariki" aliiandika vizuri kabisa. Kosa lilikuwa moja tu: "mahari pa kukutania". Nikamwonyesha kwa kidole, polepole. Akaangalia, akaangalia tena, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Mahari tena, mzee? Nimeambiwa nioe kwenye arobaini?" Tukacheka wote wawili pale mlangoni. Akabadilisha herufi moja, akatuma.

Siku ya arobaini nilikuwepo, nilikaa nyuma, nikaosha vyombo.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Woluwe.

Tanbihi: Mkiona makosa ya tahajia humu, na yatakuwepo, nawaomba mniandikie. Lakini niandikieni pembeni.